Firimbi Iko ya Nani?



Timu ya Butembo ikienda kucheza Beni, tunauliza kwanza: "Arbitri ni nani?" Watu wanacheka, lakini swali hili liko na historia.

Mwezi wa 6, 1957, timu ya Union Saint-Gilloise ilitoka Ubelgiji ikaja Léopoldville kucheza mupira na Wakongomani. Ulikuwa muchezo wa urafiki tu. Uwanja uliitwa kwa jina la mufalme Baudouin, na arbitri alikuwa Mubelgiji. Wakongomani walifunga, yeye akakataa mabao. Wabelgiji wakashinda. Watu walipotoka walitupia magari ya wazungu mawe.

Je, ni sababu ya bao tu? Hapana. Kazini, barabarani, mahakamani, firimbi ilikuwa ya muzungu siku zote. Uwanjani watu walitumaini kwamba miguu itapimwa sawasawa. Kumbe hata pale hapana! Tarehe 4 Januari 1959, watu waliotoka kutazama mupira katika uwanja ule ule walijiunga na watu wa ABAKO waliokatazwa mukutano, na muji ukawaka. Tarehe 30 Juni 1960 tukapata uhuru.

Mawe siyasifu. Lakini mimi kapita niko na firimbi yangu: karatasi ya majina ya wanaochelewa. Nikiruka jina la mutu wa kwetu na kuandika la mwingine, nitasema nini tena juu ya arbitri yule? Mutu anavumilia kushindwa, kuonewa havumilii. Mwaka huu tunamaliza. Wewe utakayepokea karatasi hii, uandike sawasawa.