Kukopa Harusi

Kwetu Pemba neno "teja" halitamkwi barazani jamaa zake mwenyewe wakiwapo. Husemwa tu "yule aliyeharibika." Binamu yangu aliharibikia Unguja. Alipanda meli Mkoani kwenda kutafuta maisha. Wajomba wakaja kumrudisha Wete kakonda kama ng'onda, hana hata kandambili.

Bibi akakata hukumu: "Huyu haumwi. Huyu kapenda raha."

Neno hilo, raha, likanikaa. Raha gani inayomfanya mtu auze godoro analolalia? Nikaanza kusoma.

Kumbe ubongo wenyewe una dawa yake. Mwaka 1973 wataalamu Marekani walionesha kwamba ubongo una vipokezi, mfano wa makufuli, ambavyo mofini hukaa humo kama ufunguo. Lakini hakuna aliyezaliwa na mofini kichwani! Makufuli ya nini basi? Jibu likapatikana mwaka 1975 huko Aberdeen, Uskoti: John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua enkefalini, ufunguo ambao mwili hujitengenezea. Baadaye ikajulikana endorfini. Hizi ndizo zinazotupoza maumivu, na hutoka kwa kipimo.

Unga hauna kipimo. Heroini hupenya ubongoni upesi, ikageuzwa kuwa mofini, ikakaa kwenye makufuli yale. Sasa sikiliza. Zipo seli zinazotoa dopamini, na zipo nyengine zinazozizuia, kama breki. Mofini huzilaza breki. Dopamini ikamwagika ovyo, na kazi yake si kuleta utamu tu; huandika somo: hapa pana kitu, rudi. Ndiyo maana hata mlio wa kibiriti, au sura ya mshikaji wa maskani, humwamshia mtu kiu.

Ubongo nao hujihami. Makufuli huwa mazito, kete moja haitoshi, na siku isipopatikana mwili hudai: tumbo linakata, mifupa inauma, kamasi, miayo, malaika yamesimama. Hiyo ndiyo arosto. Wazee walishasema, kukopa harusi kulipa matanga.

Nilimwuliza binamu kuhusu raha hiyo. Akacheka. "Wallahi stimu ilishanikimbia zamani. Mie nikila nisiumwe tu."

Kent Berridge, mtaalamu wa Marekani, ameshughulika miaka mingi kuonesha kuwa kupenda na kutamani ni njia mbili mbalimbali ubongoni. Ya kwanza yaweza kufa, ya pili ikabaki hai. Bibi alikuwa akimhukumu mtu kwa raha ambayo mwenyewe hanayo tena.

Msimu wa karafuu ukapita, kijana akanenepa. Wajomba wakafurahi: kapona, avuke akatafute kazi. Mimi moyo ukanidunda. Makufuli hayohayo yamo pia kwenye shina la ubongo, pale pumzi inapoongozwa. Aliyekaa miezi bila unga mwili wake umerudi kuwa mgeni, lakini tamaa haikusahau. Akila kete ya kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika usiku huohuo. Ipo dawa, naloksoni, inayousukuma unga kwenye makufuli na kuirudisha pumzi kwa dakika chache. Lakini lazima awepo mtu wa kumpa.

Nikawaeleza. Nikawaambia pia habari ya methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Hukaa kwenye makufuli yaleyale, ila pole pole, siku nzima, bila kumpandisha mtu wala kumwangusha. Daktari ndiye wa kuamua kama inamfaa.

"Si unga mwengine huo?" Bibi akauliza.

"Bibi, deni ni lilelile, lakini hulipwa kidogo kidogo, na mtu akaweza kwenda kazini."

Akanyamaza. Nami sikumlaumu, nyumba imeshauza mengi kulipia raha ya mtu mmoja.

Binamu alikuwa pembeni, kainama. Nikamwambia asije akadanganyika na kipimo cha zamani, mwili umeshasahau.

"Mwili ndio uliosahau," akasema. "Kichwa je?"

Hakuna aliyemjibu. Lakini safari ikaahirishwa hadi wiki ya pili, maana mjomba mdogo amesema atavuka naye, na watakaposhuka bandarini watakwenda Kidongo Chekundu kwanza.