Deni la dola, mauzo ya faranga

Ninauza vitenge na vyombo vya plastiki katika soko kuu la Kisangani. Mzigo unatoka China, unapitia Mombasa na Kampala, unaingia Kongo kwa Kasindi, kisha mama mmoja wa Butembo ananikopesha. Kutoka kwake lori linapita Beni, Mambasa, Niania na Bafwasende, na mvua ikikolea linaweza kukwama matopeni siku nyingi. Deni langu linahesabiwa kwa dola tangu siku ya kupakia. Wateja wananilipa faranga.

Zamani hilo halikunisumbua. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2016 dola moja ilikuwa faranga 900 na kitu, na kila mtu sokoni aliijua hesabu hiyo kwa kichwa. Kisha bei ya shaba ikaanguka duniani, dola zikaadimika nchini, na kufika mwisho wa 2017 dola moja ilikuwa karibu faranga 1,600. Deni la dola 3,000 lililokuwa faranga milioni 2.8 likawa milioni 4.8. Kule Butembo hakuna aliyeniongezea hata senti moja. Karatasi ya deni ilikuwa ileile.

Kubadilisha nako kulikuwa na mateso yake. Nilipeleka kwa wakambisti, wabadilishaji wa pesa, mabunda ya noti za 500 zilizolegea kwa jasho, wakanipa noti chache za dola ambazo nilizigeuza juani moja moja, maana hapa kwetu dola yenye mpasuko mdogo pembeni hakuna anayeipokea.

Nilimpigia simu mama wa Butembo nikiwa na hasira. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema: «Yaya, hata mimi Kampala wananidai dola.» Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha biashara yangu. Sote katika mnyororo ule tulikuwa tukiisukuma hasara chini, na chini kabisa alikuwa mwalimu anayelipwa faranga na serikali, anayepapasa kitenge, anauliza bei, anakirudisha mezani.

Tangu hapo sipokei mzigo kabla hatujakubaliana deni ni la pesa gani, linalipwa lini, na nani anabeba hasara faranga ikianguka lori likiwa njiani. Sehemu ya deni ninalipa wakati wa kuagiza. Jioni, kabla ya kufunga meza, ninatoa katika mauzo fungu la mama wa Butembo na kulibadilisha siku hiyohiyo. Fungu hilo si langu, na sithubutu kulilaza katika faranga. Wachuuzi wanaochukua mali kwa mkopo kwenda Isangi na Yangambi ninawaandikia dola. Mwalimu ninamwandikia faranga, na siibadilishi bei yake hadi siku ya mshahara. Ninaona ndiyo haki, kwa sababu mshahara wake haupandi dola inapopanda.

Mwaka 2023 faranga ilianguka tena, kutoka karibu 2,000 hadi zaidi ya 2,600 kwa dola, ingawa mwezi wa nane Benki Kuu ya Kongo ilipandisha riba yake hadi asilimia 25. Safari hii nililipa kwa wakati. Halafu mwishoni mwa 2025 mambo yakageuka: faranga ikapanda kwa ghafla, dola ikashuka kutoka zaidi ya 2,800 hadi chini ya 2,500. Wachuuzi wangu walilipa faranga chache kuliko walivyotarajia, nami nilifurahi pamoja nao. Wateja wakauliza kwa nini vitenge havishuki. Vilivyokuwa mezani nilikuwa nimevilipia kwa dola ya bei kubwa, lakini mzigo uliofuata niliushusha bei, maana ningekosa uso wa kuwatazama.

Linalobaki kunikera ni likelemba yetu, mchango wetu wa zamu. Faranga inapoanguka, anayepokea wa kwanza anapata pesa nzima, wa mwisho anapokea idadi ileile ya noti zisizonunua tena mzigo uleule. Sisi wa vitenge tulihamia dola. Wamama wanaouza sombe, majani ya muhogo, walikataa, na wana sababu: sombe inauzwa kwa noti ndogo, na kila anayebadilisha anamwachia kambisti kitu. Kwa hiyo wamebaki na faranga, ila wamejigawa katika vikundi vidogo na wanachanga kila siku, ili zamu imalizike haraka kabla thamani ya pesa haijapotea.