Ufagio na Macho ya Mfagiaji

Kufagia ni adabu ya mwenye nyumba, lakini ufagio hauna macho. Huchukua taka, na huchukua pete iliyoanguka, bila ya kuuliza ipi ni ipi. Hukumu hiyo ni ya kweli uani, na ni ya kweli katika kompyuta.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi yangu ya kunakili masimulizi nimeikabidhi Git, programu iliyotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux. Programu hii ni karani mwaminifu. Kila andiko lililosajiliwa kwake hulihifadhi, na nikiliharibu leo hunirudishia la jana. Lakini hulinda alichokabidhiwa tu. Nje ya daftari lake yako makundi mawili: mafaili ambayo sijayasajili, na mafaili niliyomwagiza ayapuuze kwa kuyataja katika faili iitwayo .gitignore.

Amri ya kuyafagia ni git clean, na tabia yake yafaa isomwe kama sheria. Kwa desturi hukataa kufuta mpaka ipewe herufi -f, yaani nguvu. Hufuta yasiyosajiliwa peke yake, wala haingii kufuta folda zisizosajiliwa ila kwa -d. Ikiongezwa -x, yaliyopuuzwa nayo hufagiwa. -X, herufi kubwa, hufagia yaliyopuuzwa tu. Kilichofutwa hakiendi katika kapu la taka, na karani hawezi kurudisha amana asiyopewa.

Neno kupuuza hunifikirisha sana. Miongoni mwa yaliyopuuzwa mna vumbi kweli: mabaki ya kupanga kurasa, ambayo kompyuta huyatengeneza tena kwa muda mfupi. Lakini humo humo nimeweka sauti za wazee nilizozirekodi, kwa sababu ni nzito mno kwa daftari. Baadhi ya wenye sauti hizo wamekwisha kufariki. Kwa karani, vumbi na sauti ya marehemu vina jina moja.

Kwa hiyo wanafunzi wangu huwafundisha -n kabla ya -f. Amri ikipewa herufi hiyo, pamoja na zile zile zitakazotumika baadaye, haifuti kitu. Hutaja tu majina ya vile ambavyo ingevifuta. Orodha hiyo na isomwe jina kwa jina. Lisilofaa na liondoke. Linalofaa na lisajiliwe, au likiwa zito, nakala yake na iwekwe mahali pengine. Kisha nguvu itumike.

Wako wasemao kwamba tahadhari hii huchelewesha kazi. Ni kweli, huichelewesha kwa dakika chache. Lakini msomaji na akumbuke kuwa kitu kisichoandikwa katika daftari lolote hulindwa na macho ya mwenyewe peke yake, na taka haijapata kumdhuru mtu kwa kungoja isomwe.