Magamba ya chuma na mchanga wa bure

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa karakana napambana na projekti ya mwaka wa mwisho, na leo nataka kuwasimulia kitu ambacho kimeninyima usingizi kuliko mtihani wowote.

Kwa wale wa sheria na fasihi, ngoja niwaeleze taratibu. Ule mkanda wa bati nene la chuma mnaouona umeviringishwa kwenye malori hutengenezwa kwa kupitisha chuma katikati ya rola kikiwa kimepashwa moto hadi nyuzi 1,200 hivi. Kikikutana na hewa kikiwa bado cha moto, kinaota ngozi ngumu yenye weusi wa kibuluu. Hayo ndiyo magamba. Ni oksidi za chuma, tabaka tatu: wustaiti chini, magnetaiti katikati, hematiti juu. Zote kwa pamoja mara nyingi ni kama maikromita 10 tu, yaani unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzidi hapo. Lakini ukipaka rangi juu yake, siku magamba yakibanduka yanaondoka na rangi yako. Na ukitaka kuupitisha mkanda kwenye rola tena ukiwa baridi, yanakwaruza rola na kuharibu uso wa chuma.

Viwandani dawa yake ya miaka yote ni tindikali, ama ya hidrokloriki ama ya salfuriki. Mkanda unazamishwa, magamba yanaachia, unasuuzwa. Mzee wetu wa karakana alifanya kazi hiyo ujanani. Anasema ukivaa shati jipya Jumatatu, Ijumaa lina matundu. Tena ukichelewa kuutoa mkanda, tindikali inaanza kula chuma chenyewe. Na ikishachoka, utaimwaga wapi?

Ndiyo maana mimi na mwenzangu tukachagua njia kavu. Hatukuibuni sisi, unga wa kukwangulia chuma umeshafanyiwa kazi sana huko nje. Kuna kampuni Marekani, The Material Works ya Red Bud, Illinois, inayorushia mkanda mchanganyiko wa maji na chembe za chuma mpaka unatakata bila tindikali. Sisi hatuna mitambo ya hivyo. Tulitengeneza boksi la chuma, tukalijaza unga, tukaweka sahani mbili za kuubana kwa bolti, juu na chini, halafu mkanda unavutwa katikati kwa winchi ya mkono. Kabla haujaingia, unapindwa kwenye rola tatu ndogo. Magamba hayapindiki, yanapasuka kama ganda la yai. Unga kazi yake ni kumalizia.

Kwenye karatasi, safi kabisa. Siku ya kwanza tukatumia vumbi la chuma laini la kwenye mashine ya kukatia. Mkanda ukatoka unang'aa, tukapigiana makofi. Kumbe tumeyasugua magamba yakawa laini tu, hayajatoka! Unga wenyewe ulikuwa laini kuliko kitu tunachotaka kukikwangua. Tulihitaji chembe za chuma cha kutupwa kilichopozwa ghafla, zile ngumu. Zinauzwa. Na bumu, si mnajua tena, lilikuwa bado halijatoka.

Nyuma ya hosteli yetu kulikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi. Wazo lilikuwa langu, siwezi kumsingizia mwenzangu. Nikachekecha ndoo mbili, nikazikausha juani, tukajaza boksi. Yupo dogo mmoja anayemsaidia mzee pale karakana, hana hata miaka 20. Nikamwomba azungushe winchi na awe anakung'uta boksi kila likijaa. Alijifunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi. Tulifanya hivyo mchana kutwa, milango imefungwa kwa sababu ya upepo. Na mkanda ulitoka mweupe jamani, mweupe wa fedha! Nilipiga picha kumi.

Usiku nikakaa kupiga msuli, natafuta maelezo ya kuandika kwenye ripoti kwa nini mchanga ulifanya vizuri. Jibu ni rahisi: mchanga wa kawaida umejaa kwazi, ambayo ni ngumu, na ikibanwa inapasuka na kuwa na ncha mpya kali. Lakini hiyo hiyo ndiyo balaa. Ikipasuka inatoa vumbi dogo mno, lisiloonekana, linalopita kwenye kitambaa kama halijaona kitu na kwenda kukaa chini kabisa ya mapafu. Mapafu yanajifunga makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na unamfungulia mlango kifua kikuu. Uingereza ilikataza kurushia vyuma mchanga wa namna hiyo mwaka 1950. Marekani, taasisi ya NIOSH ilipendekeza ukatazwe mwaka 1974. Nikafunga kompyuta. Nilichokuwa nakiona ni yule dogo anakung'uta boksi.

Najua, ugonjwa huu kwa kawaida ni wa watu waliovuta vumbi kwa miaka, na sisi tulifanya mchana mmoja. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana usiku ule. Lakini yeye hakuchagua. Na kama ningekaa kimya, wiki inayofuata angezungusha tena.

Asubuhi nikaenda kwa mzee. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mbona macho mekundu?" Nikamwambia yote. Akanyamaza, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Ulikuwa unajua?"

"Hapana mzee."

"Basi sasa unajua. Lakini usinieleze mimi. Kamweleze mwenyewe, uso kwa uso."

Nikamweleza. Dogo alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo kaka, kile kitambaa hakikusaidia kitu?" Sikuwa na pa kuangalia.

Tulimwagia maji mchanga wote kabla ya kuuzoa, tukalifuta boksi kwa matambara mabichi, hakuna kufagia. Bumu lilipotoka, nusu ya langu likaenda kwenye mfuko wa chembe za chuma. Wiki mbili nimekula maharage, mashahidi mpo. Matokeo si meupe kama ya mchanga: tunavuta mkanda mara mbili, na pembeni kunabaki mistari myeusi.

Juzi kwenye prezentesheni dokta mmoja akauliza kwa nini tumeingia gharama wakati mchanga upo bure. Nikasema mchanga tuliujaribu, nikaeleza na nani alikuwa anazungusha winchi. Ukumbi ukawa kimya. Maksi bado hazijatoka.

Dogo namsalimia kila siku. Akikohoa, hata kama ni mafua tu, mimi nasimama.

Wale wa ujenzi na mekanika mnaokwenda field, mkiona mtu anapuliziwa mchanga kavu, semeni. Haya, foleni ya ugali inanisubiri. Tukijaliwa, wiki ijayo.