Mtoto Yuko Marekani: Tusimsukume Kwenye Kazi ya Kificho

Katika jamaa nyingi, mtoto akipanda ndege kwenda kusoma Marekani, watu humhesabu kuwa amekwisha kupata kazi. Hajauzoea hata ubaridi wa kule, nyumbani wamekwisha kumwandikia: mdogo wake anadaiwa ada, mabati ya nyumba ya bibi yametoboka. Akina mama wenzetu, tunapenda kuwaeleza tuliyojifunza sisi wazazi wa binti mmoja, kwa sababu neno moja la simu kutoka nyumbani laweza kumponza mtoto aliye mbali.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mwanafunzi wa kigeni Marekani sivyo. Jembe haligusi mpaka aruhusiwe, na ruhusa zenyewe ni za namna mbalimbali.

Binti yetu aliondoka Iringa Agosti 2022 kwenda kusomea uhasibu katika chuo kimoja cha jimbo la Minnesota, kwa viza ya wanafunzi iitwayo F-1. Kazi aliyoruhusiwa tangu mwanzo ni ya ndani ya chuo: maktabani, ofisini au katika bwalo la chakula. Kwa kazi ya namna hiyo mwanafunzi hana haja ya kuomba kibali idara ya uhamiaji, ila wakati wa masomo isizidi saa 20 kwa wiki. Likizo ikifika anaweza kufanya kazi siku nzima. Yeye alipata bwaloni, kupakua chakula na kuosha vyombo, saa 12 kwa wiki, kila saa dola 12. Pigeni hesabu: ni dola 144 kwa wiki. Zilimtosha vitabu, nauli na sabuni. Ada ilitoka kwetu, katika mshahara wa baba yake na duka letu dogo la vitenge.

Septemba 2023, mwaka wa pili ulipoanza tu, baba yake akapatwa na kiharusi. Mshahara ukakoma, na fedha za duka zikaishia hospitali. Ndugu walipokutana kushauriana, shangazi yake alisema waziwazi, "Mtoto yuko Marekani, halafu sisi tuuze shamba?" Wengi waliitikia kwa kichwa.

Wiki hiyohiyo binti akapiga simu. Mama mmoja waliyefahamiana huko alikuwa amemtafutia kazi ya kumtunza mzee usiku. Malipo mkononi, hakuna karatasi. Akauliza, "Mama, Baba, nikubali?"

Tulitazamana. Haja ilikuwa ya kweli, na fedha hizo zingetufaa sana. Tukamwambia asikubali kabla hajaingia katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni na kumweleza ofisa mambo yote, hata yale ya aibu ya nyumbani.

Ofisa hakumficha neno. Mwanafunzi akifanya kazi bila ruhusa hupoteza haki yake ya kukaa nchini kama mwanafunzi. Anaweza kulazimika kuondoka masomo yakiwa katikati, na viza za baadaye zikawa ngumu kupatikana. Nasi tukaongeza la kwetu: mwajiri asiyeandika jina lako mahali popote akikunyima mshahara, utamshtaki vipi nawe unajificha?

Kisha ofisa akamwonyesha mlango ambao hatukuujua. Mwanafunzi wa F-1 aliyekwisha kumaliza mwaka mzima wa masomo, na akafikwa na shida kubwa ya fedha asiyoitazamia wala kuisababisha, anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi nje ya chuo. Ugonjwa wa mfadhili, kuanguka kwa thamani ya fedha za kwao, gharama kubwa za matibabu: haya ndiyo huangaliwa. Sharti awe anafanya vema darasani, na kazi za chuoni ziwe hazipatikani au hazitoshi. Muhula ukiwa unaendelea, saa ni zilezile 20 kwa wiki.

Hapo ndipo kazi yetu wazazi ilipoanza. Tulitafuta barua ya daktari, barua ya mwajiri na taarifa ya benki, tukaomba zitafsiriwe kwa Kiingereza. Yeye alijaza fomu I-765 na kulipa ada ya maombi. Halafu tukangoja. Hakuruhusiwa kuanza kazi hata siku moja kabla ya kadi ya kibali kumfikia mkononi. Katika miezi hiyo tuliuza kipande cha shamba la mahindi, na chuo kikakubali tulipe kwa awamu. Shangazi hakusema nasi mpaka Pasaka. Kadi ilifika Februari 2024, nayo hudumu muda usiozidi mwaka mmoja, kisha huombwa upya.

Kuna njia nyingine mbili za kufahamu. Moja huitwa CPT, yaani mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya masomo yenyewe. Kwa kawaida huja baada ya mwaka mmoja, na ofisa wa chuo huiandika katika hati ya I-20, pamoja na jina la mwajiri na tarehe. Binti yetu aliipata kiangazi cha 2024 katika ofisi ya wahasibu. Nyingine ni OPT, nayo ni miezi 12 ya kazi inayohusiana na somo alilosomea mtu. Yaweza kutumiwa kabla ya kumaliza masomo, lakini kinachotumiwa mapema hupunguzwa katika ile 12. Wengi huitunza mpaka wamalize. Tena mwanafunzi akifanya CPT ya siku nzima kwa miezi 12, OPT ya ngazi hiyo ya masomo huikosa kabisa.

Neno moja kwa mke anayemfuata mume masomoni. Akiingia kwa viza ya F-2, haruhusiwi kufanya kazi kabisa. Wa J-2 anaweza kuomba kibali, lakini fedha zake zisiwe za kumtunza mumewe mwenye J-1. Mlijue hili kabla ya kuacha kazi na kufunga mizigo, maana ndoa nyingi hutikisika pale bajeti iliyopangwa kwa mishahara miwili inapokuta hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, unapopanga ada ya mwanao, usiweke mshahara wa Marekani katika hesabu. Akiwa huko, usimwulize, "Umetutumia nini?" Mwulize, "Ofisa wako amesemaje?" Sheria hizi hubadilika, hivyo jibu litoke katika ofisi ya chuo, wala lisitoke kwa rafiki wa rafiki. Na shida ikiingia nyumbani, usimfiche mtoto. Kama binti yetu asingejua kwamba baba yake hajiwezi, asingekuwa na la kumweleza ofisa, na mlango ule ungebaki umefungwa.