Mufupa nao ni chakula cha heshima

Munajua desturi yetu: mutu akirudi kutoka Bulaya, jirani wanamuzunguka na kumuuliza, "Kule mulikuwa munakula nini?" Wanangojea ataje nyama za kukaanga na keki. Mimi nikiulizwa najibu: supu ya mifupa, supu ya Wavietnam. Watu wanacheka. Basi leo niwaeleze vizuri, maana ndani ya supu ile kuna neno linalofaa jamaa zetu za huku kwenye migodi.

Kwanza mujue hali yangu. Tangu mwaka 2016 mpaka 2018 nilikuwa mwanafunzi Paris, muji mukubwa wa Ufaransa. Muchana nilikuwa masomoni, usiku nilitumika kusafisha maofisi. Feza ya kazi ile niliigawanya mara tatu: nyumba, chakula, na minervali ya wadogo wangu wawili huku nyumbani. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mwezi nisipotuma, watoto wanarudishwa kutoka masomoni. Kwa hiyo siku nyingi nilikula ku restora ya chuo, bei kidogo kupita euro 3, ama nilijipikia wali chumbani na kuula nikisimama, saa mukononi. Lakini nilijiwekea sheria moja: siku ya posho, mara moja kwa juma, nitaketi mezani kama mutu na kula bakuli moja la euro 9.

Rafiki yangu mumoja alinisema: "Wewe unakula madaftari ya wadogo wako." Neno lile lilinichoma. Nililifikiri usiku kucha nikisukuma ufagio. Kisha nikamujibu: "Mutu anayetumika usiku na kula peke yake kila siku, siku moja ataanguka. Akianguka, minervali nayo itaanguka." Hakujibu neno. Juma lililofuata nikamupeleka pamoja nami.

Mahali penyewe ni kusini mwa Paris, katika mutaa wanaouita wa 13, pande za avenue de Choisy na avenue d'Ivry. Pale kuna majumba marefu sana yaliyojengwa katika miaka ya 1970. Wenyeji wengi wa Paris hawakupenda kukaa mule, vyumba vikabaki bure. Halafu mwaka 1975 vita vya Vietnam vikamalizika, Saigon ikatekwa, na watu wengi wakakimbia kutoka Vietnam, Cambodia na Laos. Wengine walipanda mitumbwi midogo baharini, na wengi wao hawakufika. Wale waliopokelewa Ufaransa walikuta vyumba vile, wakaingia. Chini ya majumba wakafungua maduka na restora. Kama vile watu wetu wanavyokwenda Château Rouge, kaskazini mwa muji, kutafuta sombe na makayabu, ndivyo wao wanavyokuja hapa kutafuta majani na muchele wa kwao.

Restora yangu ilikuwa na meza nane tu. Haikuwa ya kampuni, ilikuwa ya jamaa moja. Mama alipika, baba alipokea feza, na binti yao alifanya kazi zake za masomo kwenye meza iliyo karibu na mulango, akiinuka kila mara kupeleka bakuli. Nyuma aliketi babu, akichambua majani.

Sasa tufike kwenye chakula. Supu ile inaitwa pho. Herufi mbili za mwanzo wanazisoma kama "f". Ni muchuzi wa mifupa ya ngombe, ndani yake tambi nyembamba za unga wa muchele, na vipande vya nyama vyembamba kama karatasi. Nyama inawekwa ndani ya bakuli ikiwa mbichi, halafu muchuzi wa moto unamwagwa juu yake, na inaiva palepale mbele ya macho yako. Pembeni wanakuletea sahani ya majani mabichi, ndimu na pilipili. Unakula kwa vijiti viwili mukono wa kuume na kijiko mukono wa kushoto. Mara ya kwanza tambi zilinikimbia. Binti yule alificha kicheko, akaniletea kanya, yaani ile uma ya kawaida. Nikamurudishia. Nilitaka kujua.

Lakini sikilizeni namna inavyopikwa, kwa sababu siri ya bei ndogo iko hapo. Baba yule alinieleza. Mifupa inatiwa kwanza katika maji yanayotokota, kwa dakika chache, halafu inatolewa na kuoshwa ili uchafu utoke. Kisha inarudishwa ku moto mudogo, saa 6, saa 8, hata saa 10. Moto ukiwa mukali, muchuzi unachafuka. Kwa hiyo mama anasimama pale na kutoa povu kwa kijiko. Vitunguu na tangawizi vinachomwa kwanza juu ya moto mpaka ngozi inakuwa nyeusi. Halafu mudalasini, karafuu, na kiungo kimoja chenye umbo la nyota. Mwisho nuoc mam, yaani maji ya samaki: samaki wadogo wa bahari wanapangwa pamoja na chumvi ndani ya mapipa makubwa na kuachwa karibu mwaka muzima. Ukinusa chupa yake utakimbia, kama mugeni anavyokimbia makayabu yetu. Ndani ya supu, utaomba tena.

Munaona? Nyama ndani ya bakuli ni kidogo. Kilicho kingi ni wakati wa mama. Tajiri ananunua nyama. Mama yule alinunua mifupa, akaongeza usiku wake.

Na habari ya supu hii ni habari ya watu wadogo. Ilianza kaskazini mwa Vietnam, pande za Hanoi na Nam Dinh, karibu na mwaka 1900, wakati Wafaransa walipotawala. Wengi wanaeleza kwamba wazungu walitaka nyama ya ngombe, mifupa ikabaki, na wauzaji wakaitokotesha na kuitembeza mabegani, chungu upande mumoja wa muti na bakuli upande mwingine. Nchi ilipogawanyika mwaka 1954, watu karibu milioni moja walihamia kusini, wengi wao Wakatoliki, nao wakaichukua supu yao. Kule kusini ikaongezewa majani mengi. Wakati wa vita na Wamarekani, nyama ilikosekana Hanoi, na restora za serikali ziliuzisha pho isiyo na nyama hata kidogo. Watu waliipa jina la kuchekesha: "pho bila piloti", wakifikiri zile ndege za Marekani za kupeleleza ambazo ziliruka bila mutu ndani. Wazee wetu waliopanga mustari kwenye kantini wataelewa kicheko kile.

Jamaa ya restora ile ilipita njia ileile: kaskazini, kusini, kisha Paris. Siku moja babu aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia: muji wa migodi, Katanga, kunachimbwa shaba. Akaweka majani chini. Akasema ndugu ya baba yake alichimba makaa ya mawe kule Hon Gai. Kweli, kule kuna migodi mikubwa, na mwezi wa Novemba 1936 wachimbaji zaidi ya 30 000 waliacha kazi juu ya mushahara na mateso. Tarehe 12 ya mwezi ule wachimbaji wa Vietnam wanaikumbuka mpaka leo. Toka siku ile babu aliniita "mutoto wa mugodi".

Nilipenda vilevile adabu yao. Saa tisa, wageni wakikwisha, jamaa yenyewe inaketi kula. Binti hagusi kijiko kabla ya kumukaribisha babu, halafu baba, halafu mama, kila mutu kwa cheo chake. Si kama kwetu, ambako mutoto mwenye malezi hatii mukono katika bukari mbele ya baba yake?

Mwaka wa pili mama yangu aliugua. Feza yote niliyoipata niliituma huku, ku hospitali. Majuma matatu sikuonekana. Siku niliyorudi, mama wa restora alitoka jikoni, akiwa bado na kijiko cha povu mukononi. Kifaransa chake kilikuwa kifupi. Alisema tu: "Mama yako?" Maana binti alikuwa amemwambia. Nikajibu: "Anaendelea vizuri." Akarudi jikoni. Bakuli lililokuja lilikuwa na mufupa mukubwa, wenye nyama na mafuta ndani, ule ambao hauandikwi popote kwenye orodha ya bei. Nilikula, nikafyonza mufupa mpaka ukawa mweupe. Nilipokwenda kulipa, baba alipokea euro zangu 9 zote, hakunirudishia hata sentimu moja. Nikafurahi sana. Angekataa feza yangu, ningetoka kama mwombaji. Aliipokea, nikatoka kama mugeni wao.

Ndugu, katika miji yetu vilevile kuna mama zetu wanaopika karibu na mulango wa kampuni, sokoni, kando ya barabara ya malori. Wanaamuka saa kumi za usiku. Bei yao ni ndogo kwa sababu wanatoa nguvu zao. Lakini angalieni namna zile restora zinavyokufa: moto unazimishwa na deni. Mutu anakula bukari na samaki, anapangusa midomo, anasema, "Mama, utaandika, mushahara ukitoka nitalipa." Watu kumi wakisema vile, kesho mama hana feza ya unga, na watoto wake nao wanarudishwa kutoka masomoni.

Vijana, musione haya kula chakula cha bei ndogo, wala musimudharau anayekipika. Ninyi wazazi, mufupa mulioununua kwa bei rahisi, muupe saa nyingi ku moto mudogo, na muketi pamoja kuula. Na siku ya posho mukienda kwa mama wa jirani, mulipe mbele ya kunawa mikono.