Chai ya ladha? Sawa, lakini kwanza nionyeshe jani

Nianze na jambo litakalowaudhi wengine. Hizi chai za ladha tunazosifia huku mitandaoni, za embe, za karameli, za vanila na stroberi, wengi wetu hatujazionja. Tumezinusa tu. Unafungua mkebe, harufu inakupiga usoni, unasema "manze!", unapiga picha mvuke ukipanda, basi, tathmini imeisha. Mdomo haukuulizwa chochote.

Mimi nimekuwa nikionja hizi chai nyumbani kwa zaidi ya mwaka sasa, kwa pesa yangu mara nyingi, kwa meza ya kukunja iliyo karibu na dirisha hapa Roysambu. Nazungumzia majani yanayouzwa wazi kwenye mkebe au pakiti, si yale ya kifuko cha kuchovya. Vifaa vyangu ni vya kawaida: vikombe viwili vyeupe kabisa ndani, chujio, jagi la umeme, mizani ndogo ya jikoni na saa ya simu. Kipimo nimekiiba kwa wataalamu. Kuna kanuni ya kimataifa ya kuonja chai, ISO 3103, inayosema gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, na majani yakae dakika 6. Dakika sita ni nyingi kwa kinywaji cha kufurahia, na wanafanya hivyo makusudi ili kasoro zote zijitokeze. Kwa hivyo mimi hutengeneza kikombe kimoja cha dakika tatu cha kunywa na kingine cha dakika sita cha kuhukumu. Sukari hapana. Maziwa hapana, angalau mwanzoni. Najua, najua. Sisi ni Wakenya na chai bila maziwa kwetu ni dalili ya mwisho wa mwezi. Vumilieni kidogo, maziwa yanakuja.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye mkebe: hapa Nairobi maji huchemka yakiwa kama nyuzi 94 au 95 hivi, si 100, juu tuko milimani. Ule ushauri wa "mimina maji ya nyuzi 100" ni wa watu wa Mombasa. Ila Mombasa nao ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, hata chai ya dhahabu itaonja kisima. Chai ya kijani ndiyo inataka maji yaliyopoa, kama nyuzi 80. Mimi huchemsha, nafungua kifuniko, naenda kujibu meseji mbili, narudi.

Sasa, jinsi ya kujua kama chai ya ladha ina chai ndani yake. Mbinu yangu ni moja tu na haina gharama: ionje mara tatu. Ikiwa moto, ikiwa imepoa kabisa, halafu mimina maji mapya juu ya majani yaleyale na uonje tena. Ladha nyingi za kuongezwa ni mafuta au kimiminika kilichonyunyiziwa majani makavu. Huo utamu wa puani hutoka haraka na maji ya kwanza na kupotea na mvuke. Ukifika maji ya pili, mgeni ameenda, amebaki mwenye nyumba. Hapo ndipo utajua kama kulikuwa na mwenye nyumba.

Nichukue ile ya embe. Gramu 50 kwa shilingi 900, mkebe mzuri hata mama angeuhifadhia vifungo. Moto: embe, tena si embe la Makueni, ni embe la peremende. Baridi: uchungu unaokwaruza ulimi pembeni, kama umelamba kadibodi. Maji ya pili: maji yenye rangi. Niliipa tatu kwa kumi, na hizo tatu ni za mkebe.

Niliibeba hiyo chai hadi kwa shosho yangu, Kangema, Murang'a. Shosho amechuma majani chai maisha yake yote ya utu uzima, ana vishina vyake kwenye mteremko ule ambao mimi nikishuka nashuka kwa makalio. Nikamtengenezea. Akanywa kidogo, akaangalia ndani ya kikombe, akaniuliza, "Hii ni chai ama ni juisi mmepasha moto?" Nikacheka. Yeye hakucheka sana. Akaomba chujio. Akamwaga yale majani yaliyolowa kwenye kiganja chake, akayatandaza kwa kidole gumba, pole pole, kama mtu anayechambua mchele.

"Hiki ni kijiti," akasema. "Hili ni jani la zamani, lilikuwa limekomaa. Hili nalo ni kijiti." Akaendelea hivyo. Halafu akasema kitu ambacho sijakisahau: "Haya mimi ningerudishiwa pale kituoni."

Kama hujakulia sehemu za chai, hapo kuna maana kubwa. Mchumaji anatakiwa achukue majani mawili machanga na kile kichipukizi cha katikati. Ukipeleka majani makavu makavu yaliyokomaa kwenye kituo cha kukusanyia, karani anayakataa, unabeba mzigo wako unarudi nao nyumbani, na mgongo ni wako. Shosho analipwa shilingi ishirini na kitu kwa kilo ya majani mabichi kila mwezi, kisha anangoja bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai akiomba Mungu bei za mnada wa Mombasa zisiwe zimeanguka. Kilo moja ya chai kavu hutoka kwa kilo nne hivi na kitu za majani mabichi. Piga hesabu mwenyewe: hata uongeze bonasi ya mwaka mzuri, haifiki shilingi elfu moja kwa kilo ya chai kavu. Ule mkebe wangu wa embe ukiupeleka kwa kilo ni shilingi elfu kumi na nane. Na ndani yake kuna vijiti ambavyo shosho angefukuzwa navyo.

Sisemi majani yale yalitoka Kangema. Mkebe haukusema yametoka wapi, na hiyo ndiyo hoja yangu yote. Ladha ikifunika jani, jani linakuwa la mtu yeyote. Linaweza kutoka popote, la msimu wowote, limechumwa vyovyote, na mnunuzi hatajua tofauti kwa sababu analipia embe. Kenya ndiyo inayouza chai nyeusi nyingi zaidi nje kuliko nchi yoyote duniani, na sehemu kubwa inaondoka kwa magunia bila jina, kwenda kuchanganywa huko mbele. Kwa hivyo kila mara mtu mwenye wafuasi wengi anaposifia chai kwa harufu peke yake, anamwambia muuzaji: usihangaike na jani, hatuliangalii.

Kuna kampuni moja, siitaji jina, iliniletea sanduku la chai sita na karatasi ya maneno ya kusema. Maneno mazuri kabisa: wikendi, kujipenda, kujizawadia. Neno jani halikuwamo hata mara moja. Nikauliza majani ni ya wapi, nikaambiwa ni mchanganyiko wa kimataifa. Nikaomba niongeze sentensi moja tu, kwamba nimezionja mara tatu na mbili kati ya hizo sita zina chai ya kweli. Wakakataa, kwa heshima lakini wakakataa. Pesa yenyewe ilikuwa nusu ya kodi yangu ya nyumba, na sitajifanya haikuniuma. Iliniuma hadi tarehe tano ya mwezi uliofuata, landilodi akipiga simu.

Zile mbili nzuri lakini nizitaje, maana si haki kuzinyamazia. Moja ilikuwa Earl Grey. Wengi wanadhani ni aina ya jani. Ni chai nyeusi iliyotiwa mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa sana Calabria, kusini mwa Italia. Hiyo ilikuwa na majani marefu yaliyokunjwa vizuri, na maji ya pili bado yalikuwa na nguvu. Bergamoti ilikaa juu kama leso kwenye bega, haikumfunika mtu uso. Nane kwa kumi.

Ya pili ni ya asumini, na hapa niruhusuni nikae kidogo. Chai ya asumini iliyotengenezwa kwa njia ya zamani hainyunyiziwi kitu. Kule Fujian, Uchina, maua huchumwa yakiwa bado yamefumba, halafu usiku yakianza kufunguka yanachanganywa na majani ya chai ya kijani. Majani yanavuta ile harufu usiku kucha. Asubuhi maua yanatolewa, wanaleta mengine, wanarudia, mara kadhaa kwa chai nzuri. Hii inawezekana kwa sababu jani la chai kavu huvuta harufu yoyote iliyo karibu nalo. Wewe tayari unajua hivyo hata kama hukujua unajua: si umewahi kununua majani dukani kwa mtaa, yamekaa rafu moja na sabuni ya kipande, ukanywa chai yenye povu la mawazo? Ni kanuni ileile, tofauti ni jirani tu. (Na usiweke mkebe wako wa chai karibu na omena. Tafadhali.) Rafiki yangu wa Lamu aliponusa hiyo ya asumini alinyamaza kidogo, akasema inanuka kama nywele za dada zake siku ya harusi. Ikipoa inabaki tamu. Maji ya tatu bado inasema kitu. Tisa.

Kabla hamjaanza kuniita yule msee wa "chai safi bila chochote", ngojeni. Mimi nimekuzwa na chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, na sitaiacha kwa ajili ya mtu. Hiyo pia ni chai ya ladha, tena ya ladha kali. Tofauti ni kwamba pale nyumbani unaona kila kitu kikiingia sufuriani. Tangawizi umeitwanga wewe. Na jani la Kenya linaweza kusimama nayo. Chai yetu nyingi hutengenezwa kwa mtindo wa CTC, ambapo mashine inaponda, inararua na kukunja majani hadi yawe punje ndogo, na punje hizo hutoa rangi na ukali upesi sana. Ukiweka maziwa haizami. Ukiweka tangawizi haikimbii. Jaribu kufanya hivyo na ile ya embe uone. Mimi nilijaribu, ilitoka kama uji uliokosa unga.

Ndio maana naona tunaharibu nafasi nzuri sana. Niko na pakiti ya chai ya zambarau, ile aina iliyotolewa na watafiti wa chai wa Kericho mwaka 2011, inayojulikana kama TRFK 306. Majani yake yanakuwa na rangi ya zambarau yakiwa bado shambani, kwa sababu ya rangi asilia iliyo pia kwenye zabibu nyeusi. Ukiitengeneza bila kuikausha hadi kuwa nyeusi inatoa kinywaji chepesi chenye ukakasi kidogo, na ukikamua ndimu inageuka waridi mbele ya macho yako. Watoto wa jirani walinifanya nirudie mara nne. Ladha ya ndimu hapo haifichi kitu, inafungua. Mtu akichukua jani kama hilo, akaliongezea mchaichai wa Kenya au ganda la chungwa la huku, akaandika kwenye mkebe kijiji, msimu na aliyechuma, mimi nitalipa mia tisa bila kunung'unika. Hata nitalipa elfu. Niliipa nane na nusu, nikatoa nusu kwa vumbi lililokuwa chini ya pakiti.

Kwa hivyo mkininitumia picha za chai zenu, na naomba mtume, msinitumie mkebe. Mwaga majani yaliyolowa kwenye sahani nyeupe, yatandaze, piga hiyo. Niambie ilionja vipi ikiwa baridi. Na kama muuzaji ana jibu kuhusu shamba, andika jibu lake neno kwa neno.

Wiki ijayo ni chai ya mawaridi, bado sijaifungua. Imekaa kwa rafu tangu Jumanne, mkebe umefungwa na bado naisikia harufu nikiwa kitandani. Hiyo inanitia wasiwasi kidogo. Lakini tutaona maji ya pili.